Kuchuja barua pepe taka bila kuipoteza barua ya nyumbani

Juma hili tunaelekea Birmingham, mji wa pili kwa ukubwa nchini Uingereza, kuzungumzia jambo ambalo kila mwenye anwani ya barua pepe amelionja, ingawa si wengi wanaojua linavyotendeka. Nalo ni namna seva ya barua pepe inavyopangwa ili itenganishe barua halali na barua taka, na hasara inayoweza kutokea iwapo mpango huo utakosewa.

Tuanze kwa mfano. Chukulia kwamba kipo chama cha Waafrika Mashariki wanaoishi Birmingham, watu wa mitaa ya Small Heath, Sparkbrook na Handsworth. Mwanachama mmoja amefariki dunia, na jamaa zake wanataka azikwe kwao. Kaka wa marehemu, aliyeko Kisumu, anamwandikia katibu wa chama barua pepe kwa Kiswahili. Anaeleza gharama za kusafirisha maiti, anataja kiasi cha fedha, anatoa nambari ya akaunti ya benki na anaomba ajibiwe haraka. Katibu haioni barua hiyo. Haikuingia kikashani mwake, wala haikurudishwa kwa aliyeituma. Kisumu wanadhani kuwa Birmingham wamenyamaza, na Birmingham wanadhani kuwa Kisumu bado hawajaafikiana. Siku zinapita, na maiti ingali chumba cha kuhifadhia.

Mfano huo ni wa kutunga, lakini kila hatua yake yaweza kutokea katika seva iliyopangwa kwa pupa. Je, barua hiyo ilikwenda wapi? Na msimamizi wa seva afanye nini ili isipotee?

Makosa mawili yasiyolingana

Kila kichujio cha barua hukosea kwa njia mbili. Kosa la kwanza ni kuipitisha barua taka. Kosa hilo huonekana mara moja. Humkera mwenye kikasha, naye huifuta barua na kuendelea na shughuli zake. Kosa la pili ni kuizuia barua halali. Hilo halionekani, kwa sababu mtu hawezi kulalamikia barua asiyojua kuwa iliandikwa. Hivyo basi msimamizi wa seva huletewa malalamiko ya kosa la kwanza kila siku, akazidi kukikaza kichujio chake, na asipate habari yoyote ya kosa la pili.

Hilo ndilo jambo kuu tunalotaka msikilizaji abaki nalo. Kupanga kichujio si kuiamuru kompyuta iondoe uchafu tu. Ni kuamua ni kosa lipi litakalovumiliwa, na ni nani atakayelipa gharama yake. Mara nyingi anayelipa ni yule aliye mbali, anayeandika kwa lugha nyingine.

Mlango uliojengwa bila kufuli

Ili kuelewa kwa nini vichujio vinahitajika, yafaa turudi nyuma kidogo. Kanuni zinazoongoza safari ya barua pepe kutoka seva moja hadi nyingine, zijulikanazo kwa kifupi cha SMTP, ziliandikwa na Jonathan Postel mwezi Agosti mwaka 1982. Wakati huo mtandao ulikuwa wa watu wachache, wengi wao wakiwa watafiti wa vyuo vikuu na wa taasisi za serikali. Kanuni hizo hazikumtaka mpeleka barua athibitishe kuwa yeye ndiye. Kwa sababu hiyo mtu aliweza kuandika jina la mwingine katika sehemu ya mtumaji, sawa na anayeandika anwani ya uongo nyuma ya bahasha, na tatizo hilo halijakwisha hadi leo.

Hata kabla ya kanuni hizo, tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation alituma tangazo la biashara kwa watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET, uliotangulia intaneti ya leo. Mwezi Aprili mwaka 1994 mawakili wawili wa jimbo la Arizona nchini Marekani, Laurence Canter na Martha Siegel, waliyajaza mabaraza ya majadiliano ya Usenet tangazo la huduma yao kwa waombaji wa bahati nasibu ya kadi ya kijani. Na jina la Kiingereza la barua za aina hiyo, spam, ni jina la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa mwaka 1937. Jina hilo lilipata maana mpya kutokana na mchezo wa kuchekesha wa kundi la Monty Python wa mwaka 1970, ambamo linarudiwarudiwa hadi mazungumzo mengine yote yanamezwa.

Kwetu Afrika Mashariki barua hizo zilikuwa na gharama ya ziada. Kabla ya nyaya za baharini kuanza kutoa huduma katika pwani yetu mwaka 2009, mawasiliano mengi ya intaneti yalipitia setilaiti kwa bei kubwa, na aliyekaa katika mkahawa wa intaneti alizilipia hata dakika za kupakua barua asizozitaka.

Kituo cha kwanza: mlangoni

Seva ya barua pepe huweza kuendeshwa kwa programu kama Exim, ambayo Philip Hazel alianza kuiandika katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995, au Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema alipokuwa katika kampuni ya IBM. Iwe ni hii au ile, barua hukaguliwa katika vituo vitatu: mlangoni, mezani na mahali pa kuhifadhiwa.

Mlangoni, seva haijaisoma barua bado. Inachokitazama ni nambari ya anwani ya kompyuta inayobisha hodi. Zipo taasisi zinazotunza orodha za anwani zinazojulikana kwa kusambaza barua taka. Mashuhuri zaidi ni Spamhaus, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Steve Linford mjini London. Seva ya Birmingham huuliza kupitia mfumo wa majina ya intaneti, yaani DNS, iwapo anwani fulani imo katika orodha hiyo. Ikijibiwa kuwa imo, mlango hufungwa.

Njia hiyo ni nyepesi na huzuia sehemu kubwa ya uchafu, lakini ina mitego. Mtego wa kwanza ni orodha iliyokufa. Orodha ya ORDB ilifungwa mwezi Desemba mwaka 2006, na wasimamizi wengi wakasahau kuiondoa katika mipangilio yao. Mwezi Machi mwaka 2008 orodha hiyo ilianza kulijibu kila swali kwa kusema kuwa anwani imo. Seva zilizokuwa zikiendelea kuitegemea zikaanza kukataa barua za dunia nzima. Orodha nyingine maarufu, SORBS, ilifungwa mwezi Juni mwaka 2024. Kwa hiyo msimamizi na ajiwekee desturi ya kukagua, angalau mara mbili kwa mwaka, kama orodha anazoziuliza zingali hai.

Mtego wa pili ni jibu linalofasiriwa vibaya. Spamhaus haihudumii maswali yanayopitia huduma za DNS za umma. Hujibu kwa nambari maalumu inayomaanisha kuwa swali limekuja kwa njia isiyokubalika. Seva iliyopangwa kulichukulia kila jibu kuwa ni ushahidi wa hatia itakataa barua za watu wote. Dawa yake ni seva kuwa na huduma yake yenyewe ya DNS, na kutaja waziwazi ni nambari zipi za jibu zinazohesabiwa kuwa ni za kukataa.

Mtego wa tatu unatuhusu sisi moja kwa moja. Wapo wasimamizi ambao, wakichoshwa na barua za ulaghai, huzifungia anwani za nchi nzima. Programu za kuchuja zina sehemu ya kuonyesha nchi ambazo barua imepitia, na ni rahisi kuipa alama mbaya kila barua inayotoka Kenya, Tanzania au Kongo. Kwa duka la Birmingham lisilo na mteja hata mmoja nje ya Uingereza, uamuzi huo huenda usimdhuru mtu. Kwa chama cha watu wenye jamaa huko, ni sawa na kuifunga njia ya kwenda kwao.

Mlangoni pia hukaguliwa vitambulisho. Utaratibu wa SPF humwezesha mwenye jina la kikoa, yaani lile jina linalofuata alama ya @, kutangaza ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Utaratibu wa DKIM hutia barua saini ya tarakimu, mithili ya muhuri wa nta juu ya bahasha. Na utaratibu wa DMARC, ulioandikwa rasmi mwaka 2015, huieleza seva inayopokea ifanye nini na barua isiyopita mitihani hiyo. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Barua iliyopelekwa mbele kutoka anwani moja hadi nyingine hushindwa mara kwa mara katika mtihani wa SPF, maana seva iliyoipeleka mbele haimo katika tangazo la mwenye kikoa. Katibu ambaye barua za anwani yake ya zamani zinaelekezwa kwenye anwani mpya atapoteza barua halali iwapo msimamizi ataufanya mtihani huo peke yake kuwa hukumu ya mwisho.

Kituo cha pili: mezani

Barua iliyovuka mlango huwekwa mezani, ikasomwa. Programu inayotumiwa sana kwa kazi hiyo ni SpamAssassin. Ilianzishwa na Justin Mason mwaka 2001, na tangu mwaka 2004 imekuwa chini ya taasisi ya Apache Software Foundation. Haiuzwi, kila mtu ana ruhusa ya kuitumia na kuibadili.

SpamAssassin haihukumu kwa sababu moja. Ina mamia ya kanuni, na kila kanuni ina alama zake. Kichwa cha barua kilichoandikwa chote kwa herufi kubwa huongeza alama kidogo, na kiungo kinachoelekea tovuti inayoshukiwa huongeza zaidi. Zipo pia kanuni zinazopunguza alama. Mwishoni hesabu hujumlishwa, na kwa mpangilio wa kawaida barua inayofikia alama 5.0 huhesabiwa kuwa ni taka. Msimamizi anaweza kukibadili kizingiti hicho. Akikishusha, uchafu utapungua na barua halali nyingi zaidi zitanaswa. Akikipandisha, mambo yatageuka.

Kanuni hizo zimeandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Mfano mzuri ni wa tarehe 1 Januari 2010. Kanuni moja ilikuwa imewekwa ili kuzitambua barua zenye tarehe ya miaka ya mbali ijayo, kwa kuwa baadhi ya watuma barua taka hughushi tarehe. Aliyeiandika aliuhesabu mwaka 2010 kuwa ni wa mbali. Mwaka ulipowadia, kila barua iliyoandikwa siku hiyo, hata salamu za mwaka mpya, ilianza safari yake ikiwa na mzigo ambao katika baadhi ya mipangilio ulizidi alama 3. Sahihisho lilitolewa upesi, lakini lilizifaa zile seva tu ambazo wasimamizi wake walizoea kupakua kanuni mpya. Hivyo basi kupakua masahihisho mara kwa mara ni sehemu ya ulinzi.

Kuna pia tatizo la kutafuta neno bila kutazama maana. Neno la Kiingereza linalomaanisha daktari bingwa, specialist, limebeba ndani yake jina la dawa ya nguvu za kiume ambayo watuma barua taka huitangaza sana. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, kaskazini mwa Uingereza, walizuiwa kufungua akaunti katika huduma ya AOL kwa sababu ya herufi nne zilizomo ndani ya jina la mji wao. Na mwezi Februari mwaka 2003 kichujio cha Bunge la Uingereza kilizuia barua za wabunge zilizohusu mswada wa sheria ya makosa ya kujamiiana. Kichujio hicho hicho kilizuia pia barua zilizoandikwa kwa Kiwelshi, lugha ya wenyeji wa Wales, kwa kudhani kuwa zina maneno machafu.

Lugha ya barua

Msikilizaji, ikiwa Kiwelshi kilizuiwa bungeni London, Kiswahili je?

Ndani ya SpamAssassin imo sehemu ya nyongeza iitwayo TextCat, ambayo hukisia lugha ya barua. Sehemu hiyo haiwashwi yenyewe. Huwashwa na msimamizi. Kisha katika faili la mipangilio kuna mstari wa kutaja lugha zinazokubaliwa. Usipoguswa, lugha zote zinakubaliwa. Lakini msimamizi wa Birmingham anayetaka kuzipunguza barua taka za Kichina au za Kirusi anaweza kuandika hivi:

ok_languages en

Maana yake ni kwamba Kiingereza peke yake ndicho kinachokubaliwa. Tangu hapo, kila barua itakayotambuliwa kuwa ni ya lugha nyingine huongezewa alama 2.8 kwa mpangilio wa kawaida. Turudi kwa kaka wa marehemu kule Kisumu. Barua yake ndefu ya Kiswahili imeanza ikiwa na alama 2.8, na imebakiza 2.2 tu kufikia kizingiti. Ametaja fedha nyingi. Huenda anaandika kupitia kampuni ya intaneti ambayo anwani zake ziliwahi kutumiwa vibaya na mteja mwingine. Alama moja hapa, nusu alama pale, na barua ya msiba imekuwa taka. Hakuna aliyewachukia Waswahili; ni herufi mbili tu zilizosahauliwa.

Herufi hizo zipo tayari, kwani Kiswahili kimo katika orodha ya lugha ambazo TextCat inazitambua. Kinachotakiwa ni kuandika:

ok_languages en sw

Chama chenye Wakongo kiongeze fr kwa ajili ya Kifaransa. Na pale ambapo wanachama wanaandika kwa lugha nyingi, au wanachanganya lugha mbili katika sentensi moja kama tunavyofanya wengi wetu, ni salama zaidi kukiacha kipengele hicho bila kukiwasha kabisa.

Kumfundisha mlinzi

Kanuni zilizoandikwa na wengine hazitoshi. SpamAssassin ina uwezo wa kujifunza, na msingi wake ni hesabu za uwezekano za Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761. Maandishi yake juu ya jambo hilo yalichapishwa mwaka 1763 kwa juhudi za rafiki yake Richard Price. Mwezi Agosti mwaka 2002 Paul Graham, mtaalamu wa programu wa Marekani, alichapisha makala iliyoeneza matumizi ya hesabu hizo katika kuchuja barua.

Wazo lenyewe si gumu. Kichujio huonyeshwa barua taka na barua halali, nacho huhesabu kila neno limeonekana mara ngapi upande huu na mara ngapi upande ule. Barua mpya ikifika, hupimwa kwa maneno yake. Iwapo kwa mwaka mzima barua zenye maneno kama harambee, mazishi, mchango, shangazi na wasalaam zimekuwa halali, basi maneno hayo yatakuwa mashahidi wa kuitetea barua ya Kisumu. Kwa mpangilio wa kawaida, barua ambayo hesabu hizo zinaiona kuwa safi kabisa hupunguziwa alama 1.9, na ile inayoonekana kuwa taka kwa hakika huongezewa alama 3.5 au zaidi kidogo.

Lakini mwalimu ni wewe. Kichujio hakianzi kutumia elimu hiyo mpaka kifundishwe barua taka zisizopungua 200 na barua halali zisizopungua 200. Msimamizi asiyewahi kukionyesha barua halali za Kiswahili asishangae kikizitilia shaka. Aidha, kuna mpango wa kichujio kujifundisha chenyewe: barua yenye alama zisizofikia 0.1 huichukulia kuwa halali, na yenye kuanzia alama 12 huichukulia kuwa taka. Mpango huo husaidia, lakini usimamiwe, kwani mwanafunzi aliyekosea mwanzoni huendelea kujenga juu ya kosa lake.

Jambo moja zaidi. Barua zinazotumiwa kufundishia ni barua za watu. Si haki msimamizi kupekua vikasha vya wanachama ili apate mifano. Njia ya heshima ni kuwawekea mabweta mawili, moja la barua taka na jingine la barua halali zilizonaswa kimakosa, na kila mmoja aweke humo kwa ridhaa yake.

Kituo cha tatu: barua iende wapi

Wengi hawajui kuwa SpamAssassin haifuti barua. Kazi yake ni kuipa alama na kuitia chapa tu. Uamuzi wa kuifuta, kuikataa au kuiweka kando hufanywa na programu ya seva, kwa agizo la msimamizi. Na hapa ndipo barua yetu ya Kisumu ilipopotea.

Kanuni ya kwanza ni kutofuta kimyakimya. Barua yenye alama 5, 6 au 7 iwekwe katika bweta la barua taka la mwanachama mwenyewe, mahali anapoweza kuiona, na ikae humo kwa muda unaotosha, tuseme siku 30. Chama kikiwa na anwani moja ya ofisi, ateuliwe mtu wa kulifungua bweta hilo kila siku, na zamu yake ijulikane.

Kanuni ya pili ni kwamba barua inayokataliwa ikataliwe mlangoni, wakati seva iliyoileta ingali ikisubiri jibu. Hapo mtumaji halali hupata taarifa kuwa barua yake haikufika, naye atapiga simu au atatafuta njia nyingine. Seva ikiipokea kwanza, kisha baadaye ikaamua kuirudisha, taarifa hiyo itakwenda kwa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye bahasha. Na kwa kuwa watuma barua taka hughushi majina, mtu asiye na habari atajaziwa marejesho ya barua ambazo hakuziandika.

Kanuni ya tatu ni kusoma kumbukumbu za seva. Humo huandikwa kila barua iliyokataliwa na sababu yake. Dakika chache za kila juma, msimamizi akitazama ni nani waliofungiwa mlango, zitamfichulia lile kosa la pili ambalo hakuna awezaye kulilalamikia.

Usisahau pia upande wa pili wa safari, yaani barua ambazo chama chenyewe kinazituma. Uingereza ina kanuni za faragha katika mawasiliano ya kielektroniki zilizoanza kutumika tarehe 11 Desemba 2003, ambazo kwa jumla humtaka mtumaji apate ridhaa ya mtu binafsi kabla ya kumpelekea matangazo kwa barua pepe. Na tangu mwezi Februari mwaka 2024 kampuni ya Google inamtaka kila anayetuma barua kwa watumiaji wa Gmail awe ametimiza angalau SPF au DKIM, na wale wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku watimize vyote viwili pamoja na DMARC. Chama kisichotangaza SPF yake kitaandika taarifa ya mkutano mkuu, nayo huenda ikaangukia katika mabweta ya taka ya wanachama wake wenyewe.

Kichujio si hakimu

Kuna wakati ambapo hata kichujio bora hufika mwisho wa uwezo wake. Barua ya ulaghai inayodai kutoka kwa jamaa aliye taabuni na barua ya kweli ya jamaa aliye taabuni zina umbo moja: habari ya ghafla, kiasi cha fedha, nambari ya akaunti na ombi la haraka. Walaghai wamelichagua umbo hilo kwa sababu wanajua ndivyo watu wa kweli wanavyoandika wakipatwa na msiba. Hakuna hesabu ya maneno itakayotenganisha mbili hizo kwa uhakika.

Basi barua ya namna hiyo ikifika, na ifike. Kisha katibu achukue simu ampigie mwandishi kwa nambari aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua, na kabla ya senti moja kutumwa, sauti ijulikane.

Tunapokaribia tamati, msikilizaji, Birmingham ina kisa cha kale kuhusu barua zitokazo kwetu. Katika maktaba ya Cadbury Research Library ya Chuo Kikuu cha Birmingham zimehifadhiwa nyaraka za chama cha wamisionari cha Church Missionary Society. Miongoni mwake zimo karatasi za Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na za Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846 na kufanya kazi naye Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji juu ya Kilimanjaro, jambo ambalo Wachagga walilijua tangu zamani. Habari hiyo ilipochapishwa mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London aliikataa. Theluji karibu na Ikweta haikulingana na aliyoyajua, na habari ya mbali aliipima kwa mizani ya kwao. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1860 ndipo msafara wa Karl Klaus von der Decken ulipoithibitisha.

Rebmann hakuaminiwa, lakini maandishi yake hayakutupwa. Yalibaki kwenye karatasi hadi ukweli ulipoyafikia. Msimamizi wa seva anayeandika mistari yake ya mipangilio usiku katika ofisi ya Birmingham anaweza kuikosea barua ya Kisumu, kama Cooley alivyomkosea Rebmann. Asiifute tu, ili asubuhi apatikane mtu wa kuifungua na kuisoma.

Kabla hujaizima kompyuta yako leo, lifungue bweta lako la barua taka ulitazame.